Theluji Niliyomfagilia Mheshimiwa

Kabla hamjaanza kucheka, nakiri mwenyewe: herufi zangu zinalala upande, na mahali pa kuweka mkato mimi huweka nukta, kwa kuwa hapo ndipo mkono ulipochoka. Nilisoma hadi darasa la saba, huko Same, na tangu hapo mkono huu umeshika koleo muda mrefu kuliko kalamu. Neema, ambaye wengi wenu mnamjua kutoka mikutano yetu ya Jumamosi pale Farsta, hapa Stockholm, ameahidi kuyachapa haya. Nimemwambia arekebishe tahajia, asirekebishe habari.

Yeye ndiye aliyenichokoza. Ameanza kazi kwenye manispaa moja ya kusini, akaniuliza mbele ya watu: "Mzee Elisante, ulikuwa unafanya nini hasa miaka yote ile? Mama anasema ulifanya kazi na wabunge." Watu wakacheka. Nikajibu kwamba nilikuwa nawapangia viti. Ni kweli, lakini si kweli yote, na tangu siku ile situlii. Nimestaafu mwaka huu, ila bado naamka saa kumi na moja, navaa viatu, nasimama mlangoni kwangu Hagsätra, ndipo nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Basi narudi mezani naandika. Ukurasa mmoja kwa siku, ikiwa siku ni nzuri. Mtakaoona Kiswahili ni kigumu, mama zenu wawasomee, nanyi mtawajibu kwa Kiswedi kama kawaida yenu.

Nilifika nchi hii nikiwa kijana mwenye haya, nikimfuata kaka yangu aliyekuwa masomoni. Kazi ya kwanza ilikuwa usafi huko Märsta, karibu na uwanja wa ndege. Wakati wa mapumziko nilikula ndani ya chumba cha matambara, si kwa sababu nilikatazwa kukaa na wenzangu, bali kwa sababu mezani mtu huulizwa maswali. Miaka michache baadaye nikapata kazi kwenye jumba la manispaa moja ndogo nje ya Stockholm. Siitaji jina, kwa sababu watu wake ni wema na wengi bado wapo. Cheo changu kwa Kiswedi kilikuwa vaktmästare. Neno lenyewe ni kubwa. Maana yake ni mtu wa funguo, viti, maikrofoni, balbu, kahawa na theluji.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Rune, mzee wa Kiswedi mwenye mashavu mekundu na maneno machache. Siku ya kwanza alinipeleka ukumbini, akawasha maikrofoni, akaenda kusimama mlango wa nyuma.

"Sema kitu," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Jina lako. Au umelisahau?"

Nikalitaja. Rune akatikisa kichwa. "Hata panya hawajasikia." Kisha akaja akazima ile maikrofoni. "Si neno. Wako watakaosema sana humu ndani. Lazima awepo mmoja wa kusikiliza."

Nililishika neno hilo kama kinga, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma yake. Vijana, msifanye hivyo.

Rune alinifundisha viti. Ukitaka wageni wamalize upesi, panga mistari. Ukitaka wasemezane, panga duara. Na ukipanga duara, kiti kimoja kiwe karibu na mlango kwa ajili ya yule anayeogopa. Alinifundisha kwamba chupa ya kahawa huoshwa kwa maji ya moto na si sabuni, na kwamba diwani mwenye hasira hupewa kahawa kwanza. Na majira ya baridi ya kwanza alinifundisha jambo ambalo nyumbani hakuna ambaye angeliamini: theluji ina wenyewe.

"Hii ya kwenye njia ya miguu ni ya manispaa," alisema, akichora mstari kwa ncha ya buti. "Ile ya barabarani ni ya serikali. Ile ya mlangoni pa mtu ni ya mwenye nyumba. Usiguse isiyo yako."

"Na hili?" nikauliza. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba ya wazee. Barabara kubwa inayopita pale ni ya serikali, na kituo cha basi kiko ng'ambo yake. Gari la serikali la kukwangua theluji lilikuwa limepita na kuisukuma yote pembeni, likaacha tuta gumu kama ukuta, pale pale njia yetu ya miguu inapoishia.

Rune alilipiga teke. "Hilo ni la Mungu," akasema.

Alikuwa na koleo lenye alama alizozichonga kwenye mpini, upana wa kiganja kati ya moja na nyingine. Kila asubuhi alichomeka mpini kwenye tuta, akahesabu alama, akaandika kwenye daftari: saa ngapi tumekwangua, saa ngapi tumemwaga changarawe, na tuta limefika alama ya ngapi. Daftari lilikuwa la lazima, maana mtu akianguka manispaa huulizwa. Kuhusu tuta hakuna aliyemuuliza, aliliandika kwa ukaidi. Alipostaafu alinirithisha koleo, daftari na ukaidi. Mimi huandika polepole, kwa hiyo niliandika maneno machache: *Tuta, alama nne. Gunnel hajavuka.*

Gunnel ni mama mmoja anayeishi katika ile nyumba ya wazee. Hutembea kwa kushikilia kile kigari chenye magurudumu manne ambacho mnawaona nacho wazee wote wa hapa. Alikuwa na dada yake mmoja, Maj, aliyeishi Märsta. Kila Alhamisi Gunnel alivuka barabara, akapanda basi hadi kwenye treni, akaenda kunywa kahawa na dada yake, akarudi saa kumi. Tuta likizidi alama mbili, kigari hakipiti. Alhamisi hiyo alikaa dirishani amevaa koti na kofia.

Manispaa ililijua jambo hili. Iliomba mara kadhaa kivuko chenye taa na sehemu isiyozibwa na tuta. Lakini barabara ikiwa ya serikali, manispaa haiwezi kuchomeka hata kijiti bila ruhusa, na ofisi ya serikali inayohusika na barabara ile ilijibu kila mara kwamba wavukaji ni wachache. Ndipo uongozi wetu ukamwita mbunge wa eneo letu aje aone.

Niwaeleze jinsi inavyokuwa, kwa sababu mkifanya kazi huku mtayaona. Wabunge hutunga sheria, lakini shule, wazee na njia za miguu ziko mikononi mwa manispaa. Sheria hutoka mjini imevaa suti. Ikifika kwetu inavaa buti. Kwa hiyo mbunge mwenye akili hutoka nje akaangalie kama buti zinabana. Hupewa kahawa, mikate ya mdalasini, picha ukutani za kueleza kila kitu, kisha fulana ya njano, na kutembezwa. Wakubwa wa nchi hii hupenda kupigwa picha na fulana ya njano kama maharusi wanavyopenda keki.

Mkuu wetu wa jumba, Annika, aliniambia siku moja kabla: "Elisante, hakikisha panapendeza."

Theluji ilianguka sana. Niliingia kazini mapema nikakwangua njia yetu yote. Nilipofika kwenye tuta, nilisimama. Lilikuwa alama tano. Nilimkumbuka mama yangu. Kwetu mgeni akitarajiwa, uwanja ulifagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, na mama alisema mgeni asiondoke na vumbi letu kwenye viatu. Nami sikuwa nimewahi kupokea mbunge. Nikalivunja tuta lote kwa shoka la barafu. Nikavuka nikavunja na la ng'ambo. Nikamwaga changarawe mpaka kituoni. Nilitoa jasho ndani ya koti, nikajiona mwenyeji kweli.

Mheshimiwa alikuja. Sikuweza kumwita kwa jina lake la kwanza kama Waswedi wanavyofanya. Nilimwita Mheshimiwa moyoni, mdomoni sikumwita kitu. Alikuwa mtu mzuri. Ni yeye peke yake katika wageni wa siku ile aliyerudisha kikombe kwenye toroli. Tukatoka nje. Annika akamleta Gunnel aonyeshe jinsi ilivyo shida kuvuka. Gunnel akasukuma kigari chake, kikateleza juu ya changarawe bila taabu.

"Leo serikali imefagia!" akasema Gunnel kwa sauti. "Imejitahidi!"

Mheshimiwa akacheka. "Basi tunafanya kazi."

Wote wakacheka. Annika alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Ningeweza kusema maneno matano. Nilikuwa nimesimama kwenye nafasi ya yule wa kusikiliza.

Baada ya miezi kadhaa jibu la ile ofisi ya barabara likaja, na Annika alitusomea wakati wa kahawa. Liliandikwa kwa adabu sana. Lilisema kwamba ziara imefanyika, na njia imeonekana kutunzwa vizuri wakati wa baridi. Ombi halitapewa nafasi ya mbele. Annika akaikunja barua. "Sijui tumekosea wapi," alisema. Nikaenda kubadilisha balbu ambayo haikuwa imeungua.

Ilipita miaka. Kwenye daftari nilikuwa naandika yale yale. Majira ya baridi ya tatu Maj alifariki. Gunnel alikuwa hajamwona tangu Novemba. Alhamisi zote zilizofuata tuta lilizidi alama mbili. Wafanyakazi wa nyumba ya wazee walimbeba kwa teksi siku ya mazishi. Kwa mazishi teksi hupatikana.

Mwezi uleule Mama Furaha alianguka. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, alikuwa anahudumia wazee majumbani, na alishuka basi pale kila siku. Alipanda tuta, akateleza, akavunja mkono. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, na kwa kuwa kwa Kiswahili haya yangu hupungua, nikamwambia habari ya siku ile ya ziara. Sikuwa nimemwambia mtu.

Alinikodolea macho. "Kumbe ni weye! Weye ulifagia barabara ya Leta, ya serikali? Nani alikutuma?"

"Mgeni alikuwa anakuja, mama."

"Mgeni anakuja kuona kidonda, weye unaweka poda juu!" Alitaka kupiga makofi, akakumbuka mkono una plasta. "Mungu wangu. Na ule mkono yangu, nani ataulipa? Utakuja kunipikia bugali, baba, mpaka plasta itoke."

Nikaenda kumpikia ugali Jumapili nne. Kila nilipokoroga aliniambia ugali wa Kitanzania ni uji uliokasirika. Lakini nilipokuwa narudi kwenye treni nilikuwa nafikiria msemo tuliokuwa tukiuimba tu bila kuusikia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji alikuwa ameficha ugonjwa.

Uchaguzi ukapita, mbunge mwingine akachaguliwa, mama mmoja mfupi, mwepesi wa miguu. Annika akamwalika. Siku moja kabla akaniambia maneno yale yale: "Elisante, hakikisha panapendeza."

Asubuhi nilikwangua njia yetu, nikamwaga changarawe kwa uangalifu kuliko siku zote. Nilipofika kwenye tuta nikachomeka mpini. Alama nne. Nikaandika. Kisha nikakaa juu ya toroli, mikono ikiniwasha. Vijana, kufanya kazi ni rahisi; kuiacha kazi unayoiweza, mbele ya macho yako, huku mgeni yuko njiani, ilinitoa jasho kuliko shoka. Mara mbili nilishika shoka, mara mbili nikalirudisha.

Mheshimiwa huyu hakuja kwa gari. Alishuka kwenye basi, ng'ambo, ambako nako kulikuwa na tuta. Annika alitoka na Gunnel, akaona, akageuka kwangu uso umemwiva.

"Elisante! Mbona hapajasafishwa?"

"Ni theluji ya serikali," nikasema.

Mpaka saa ile, hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya mbunge.

Mama yule alipanda tuta la kwanza kwa mikono na magoti, akangoja malori mawili yapite, akavuka, akakutana na tuta la pili na kigari cha Gunnel upande wa huku. Alijaribu kukinyanyua. Gurudumu likazama. Gunnel akamwambia kwa upole: "Usihangaike, mwanangu. Mimi nilishazoea kutokwenda."

Mheshimiwa akasimama hapo, theluji imejaa kwenye buti. Hakucheka, na hakuna aliyempiga picha.

Gunnel alirudi kwake, nasi tukaingia ndani, ambako nilikuwa nimepanga duara. Mheshimiwa alianza kwa kutukatisha tamaa. "Mimi siwezi kuiamuru ile ofisi ijenge kivuko chenu. Mbunge haruhusiwi kumshika ofisa mkono na kumwongozea kalamu. Lakini naweza kumuuliza waziri swali kwa maandishi, na lazima ajibu. Na naweza kuuliza kanuni yenyewe inahesabu nini." Akamgeukia Annika. "Wanahesabu wanaovuka, sivyo?"

"Ndiyo. Ni wachache."

"Na anayeshindwa kuvuka, nani anamhesabu?"

Kisha akauliza kama tumepata rasimu ya kanuni mpya za barabara, ile iliyotumwa kwa manispaa ili zitoe maoni. Annika akakumbuka kwamba iko kwenye droo. Walidhani ni ya manispaa kubwa.

"Muda wake haujaisha," alisema Mheshimiwa. "Jibuni. Mkikaa kimya nitasimama Bungeni mikono mitupu. Wasilianeni na manispaa mbili zilizo jirani, wana barabara kama hii, nitawapa majina ya wa kuongea nao. Ila msiniandikie kwamba ni shida kubwa. Kila mtu huandika hivyo. Niandikieni lini, nani, kiasi gani."

Nilikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikainuka, nikaenda kabatini, nikaleta madaftari, ya Rune na yangu, rundo zima. Nikaliweka katikati ya duara, juu ya meza ya kahawa.

Mheshimiwa aliyafungua, akasoma, huku akipinda shingo kwa sababu ya mwandiko wangu. Akafika ukurasa mmoja akasimama. "Hapa pameandikwa: *Tuta alama tano. Nimelivunja, pande zote mbili. Mgeni.* Na hii ndiyo siku aliyokuja mwenzangu." Akainua macho. "Nani alilivunja?"

Annika alianza kusema kitu. Nikamtangulia.

"Mimi. Si theluji yetu, lakini nililivunja, ili tusiaibike mbele ya Mheshimiwa yule. Akaona barabara nzuri. Gunnel hakwenda kwa dada yake kwa sababu hiyo."

Sauti ilikuwa yangu, na bila maikrofoni ilifika hadi mlango wa nyuma. Nilingoja kufukuzwa. Mheshimiwa akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema: "Basi ukurasa huu nao uende. Usiutoe." Annika aliwasindikiza wageni mlangoni, akarudi. Ndipo akasema: "Mimi ndiye niliyekwambia pawe pazuri," akaanza kukusanya vikombe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Manispaa zote tatu zilijibu. Kurasa za daftari zilipigwa picha zikaambatanishwa, makosa ya tahajia na yote. Swali likaulizwa, waziri akajibu kwa maneno laini, swali likarudiwa. Sijui kilichosukuma ni swali, ni daftari, au ni zile sauti tatu kwa pamoja. Baada ya majira mawili ya baridi kanuni ilibadilishwa, wakaanza kuhesabu pia wanaohitaji kuvuka. Kivuko kikaja, na taa, na kitufe, na kipande cha barabara ambacho gari la serikali lazima liinue koleo lake likipita.

Wiki ile kivuko kilipofunguliwa Gunnel aliniita. Alikuwa amevaa koti na kofia.

"Nivushe, Elisante."

"Unakwenda wapi?"

"Sina pa kwenda. Nivushe tu."

Tukavuka. Magari yakasimama. Alikaa kwenye benchi la kituo, basi likaja likaondoka. "Maj angecheka," akasema. "Angesema nimechelewa tena." Kisha akanipiga piga mkono. "Asante. Wewe ulifagia sikuzote."

Nilinyamaza. Kwa mbunge nilisema, kwa Annika nilisema, kwa Mama Furaha nilisema nikalipa kwa ugali. Kwa Gunnel, mwenye Alhamisi zake, sikusema.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuitaja Neema aliponiuliza. Gunnel yupo bado. Tangu nistaafu napanda treni hadi kule kila Alhamisi, nasimama kwenye kivuko, nabonyeza kitufe. Wiki iliyopita magari yalisimama kwa ajili yangu nami sikuvuka. Dereva mmoja alinyanyua mikono akanionyesha saa yake. Dirisha la Gunnel naliona kutoka pale. Mama Furaha anasema: "Wacha ule mama, ni mzee, usimubebeshe mzigo yako ili weye ulale." Huenda ni kweli. Huenda pia ni poda nyingine juu ya kidonda.

Wengi wenu sasa mko kwenye manispaa, na wageni watakuja, na mtaambiwa pawe pazuri. Mtajua la kufanya vizuri kuliko nilivyojua mimi. Mimi nawauliza jambo moja, na ninaomba mnijibu kwa barua, mpeni Neema atanifikishia: mngekuwa mimi, mngeingia kwa Gunnel mkamwambia, au mngebaki kwenye kitufe? Andikeni hata kwa Kiswedi, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Ila msichelewe. Gunnel ametimiza miaka tisini na moja, theluji iko karibu, na mimi husoma polepole.